Nilimwambia Mama Mkwe Naenda Hija, Kumbe Naenda Kuona Popo

Kosa ni langu. Nasema mapema kabisa ili usifike katikati ukaanza kumtafuta mchawi. Mume hakunituma, shoga hakunishawishi, na shetani siku hiyo naamini alikuwa na kazi zake kwingine. Ni mimi na mdomo wangu huu!

Jina nalificha. Ninaishi Uru, huku Moshi, ila Uru ipi sisemi, maana huku tunajuana hadi mbuzi wa mtu. Nina watoto wawili, nina meza ya mitumba soko la Kiboriloni, na nina mama mkwe ninayeishi naye kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo. Nyumba yake iko hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, katikati yetu kuna migomba na banda la ng'ombe. Huyo ndiye niliyemkosea.

Kama umeolewa Uchagani, Desemba unaijua. Kama huijui, ngoja nikueleze. Ukoo wote unarudi nyumbani, magari yanajipanga hadi kwenye mibuni. Wanaume wanachinja, wanakaa na pombe yao ya mbege, wanagawana nyama kwa heshima: kidari cha huyu, mguu wa yule. Sisi wake zao tunagawana masufuria.

Desemba iliyopita nilikoroga mtori wa ndizi hadi bega likakataa kupanda. Tarehe mbili Januari wageni walipoondoka, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia. Sikulia kwa jambo lolote, nililia tu! Mtoto akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia ni vitunguu, na jikoni hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Sasa pale sokoni jirani yangu wa meza ni mwanamke nitakayemwita Mama Glory. Sisi kwetu ni Wakatoliki, yeye ni Mlutheri, mumewe ni mzee wa kanisa, mtu wa tai hata siku ya kuchimba choo. Mama Glory naye Desemba ilikuwa imemkanyaga. Siku moja akanisogezea simu. "Shoga, hebu ona hapa. Hapa hakuna hata mtu mmoja wa kumpikia."

Ilikuwa video ya Mafia. Siyo Unguja kwenye makelele, Mafia! Kisiwa kikubwa kimetulia, halafu pembeni yake vimekaa visiwa vidogo vidogo, Chole, Juani, Jibondo, unavuka hiki unaingia kile. Mchanga mtupu, maji ya kijani, na watu wanatembea polepole kama hawadaiwi na mtu. Nilitazama nikasikia bega limepoa.

Tukaanza kupanga. Ndugu yangu, hakuna raha duniani kama kupanga safari ambayo hujaenda! Tulinunua kaunta buku. Kila mteja akipungua tunalifungua. Basi la asubuhi hadi Dar, tunalala kwa dada yake Mama Glory Mbagala, kesho yake gari ya kwenda Nyamisati, boti hadi Kilindoni. Chole tunalala siku mbili, Juani tunakwenda na kurudi, Jibondo tukipata nafasi. Boti ya kukodi hatuitaki, hiyo ni ya wazungu. Tunavuka na wenyeji wanaotoka sokoni, tunalala gesti ya kawaida, begi moja kila mtu. Na lazima iwe Februari, kabla ya masika.

Mama Glory akampigia simu mwenye gesti. "Samahani kaka, huko kwenu kuna kelele?"

"Kelele ya nini, dada? Labda popo. Chole tuna popo wakubwa, watu wanatoka mbali kuja kuwaangalia."

Popo! Tulicheka hadi mwenye duka la mbele akatoka kuuliza kulikoni. Mama Glory alisisitiza tubebe na mkungu wa ndizi. "Wale watu wanakula wali kila siku, shoga, tutavimbiwa."

Mume wangu ni mpishi wa mlimani, anawapikia wageni wanaopanda Kilimanjaro. Nilipomweleza akasema, "Mimi sina neno, mke wangu, umechoka kweli. Ila mama utaongea naye wewe." Kesho yake akapanda mlima. Mwanaume anayeogopa mama yake kuliko baridi ya kileleni!

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa kunyooka. Tangu anipokee hajawahi kunitukana, lakini hajawahi kunisifu pia. Miaka tisa! Ni mwaka jana tu ndiyo alianza kuniita "mwanangu". Akaniachia ufunguo wa ghala. Akawaambia wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani, nikiwasikia kwa nyuma, "Huyu wangu hana uongo." Niliyabeba maneno yale kifuani kwa wiki nzima. Sasa leo nimwambie naacha ng'ombe na watoto nikaoge bahari? Kwa fikra zangu, huku mke wa mtu hasafiri kutembea. Anasafiri kwa msiba, harusi, hospitali au kanisa.

Nikaingia kwake jioni moja, anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njia nzima, na yote yakayeyuka. "Mama, mwezi wa pili naomba ruhusa ya wiki moja. Nasafiri."

"Wapi?"

"Visiwani."

Mikono ikasimama kwenye maharage. "Visiwani kuna nini?"

Na hapo, jamani, hapo hapo! Mdomo ukafunguka wenyewe. "Hija, mama."

Uso wake ukabadilika. Sijawahi kuuona vile. Ulilainika wote, akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye khanga. "Hija," akasema taratibu. "Huko kuna mahali patakatifu?"

"Kuna magofu ya kanisa la kale, mama. Kisiwa kinaitwa Juani."

Magofu nilikuwa nimeyaona kwenye simu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ni ya misikiti na jumba la sultani. Mungu anisamehe, na Waislamu nao wanisamehe!

"Unaenda na nani?"

"Na Mama Glory wa sokoni."

"Yule Mlutheri? Mlutheri anaenda hija yetu?"

Ningeweza kusimama hapo. Nilikuwa na nafasi ya kucheka na kusema ukweli. Badala yake nikainamisha kichwa kama mtu anayetunza siri na kusema, "Mama, nadhani Mungu anamwita."

Mama akapiga ishara ya msalaba. Nami nikapiga, ningefanyaje?

Nilitegemea limeishia pale. Alhamisi jumuiya ikasalia kwetu. Baada ya rozari mama akasimama, mtu ambaye huwa hasimami, akatangaza kwamba mkwewe anakwenda hija ya visiwani, na yeyote mwenye nia ya kuombewa alete. Wanawake wakapiga vigelegele. Katekista akanipa mkono akasema hii hajaisikia parokiani. Nikamwambia imeandaliwa na parokia nyingine, ya mbali. Ya mbali sana!

Wiki hiyo nia zikaanza kuingia. Zinakuja kwenye karatasi za daftari zimekunjwa, zinakuja kwa mdomo, zinakuja hadi mezani kwangu Kiboriloni. Mzee mmoja wa jirani ng'ombe wake amepandishwa mara tatu hashiki mimba. Mama mwingine ana kijana Dar hapigi simu. Kaka mmoja wa miaka arobaini na ushee anataka mke, na akaandika kabisa asiwe mrefu kumzidi. Bibi mmoja akaleta chupa ya lita tano nimjazie maji ya pale patakatifu, anaumwa miguu. Lita tano, na mpango wetu ni begi moja kila mtu!

Nilikuwa nazipanga kwenye boksi la viatu, ndani kabisa ya kabati. Kila nikilifungua kabati nalisukuma nyuma zaidi. Halafu nafungua lile kaunta buku letu, natazama jina la Chole, nasahau.

Mama Glory sikumwambia kitu. Hilo nalo ni kosa, liandike.

Jumanne moja akina mama watatu wa jumuiya yetu walishuka sokoni wamevaa vitenge vya sare. Nikawaona wanapita meza yangu wananipungia tu, wanakwenda moja kwa moja kwa Mama Glory. Mmoja akamkumbatia. "Karibu sana dada yetu. Usiogope maneno ya watu. Sisi tunakuombea kila Alhamisi."

"Mnaniombea nini?" Mama Glory alikuwa na sidiria za mtumba mkono mzima.

"Wito wako. Kuingia kwetu. Tumeshakuchagulia na msimamizi wa kipaimara."

Nilijificha nyuma ya mashati. Sidanganyi, nilichuchumaa chini ya meza yangu mwenyewe na umri huu! Nikamsikia Mama Glory anaita jina langu, mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa sauti ya mtu anayefukuza mbwa.

"Toka huko chini! Mimi mume wangu ni mzee wa kanisa! Wewe umenibatiza upya bila kuniambia?"

Soko zima likageuka. Nikatoka na hanga kwenye nywele. Nikamvuta pembeni nikamweleza yote, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Akanitoa lile hanga kichwani. "Shoga, nenda kamwambie yule mama leo. Leo hii. Mimi nitasafiri na wewe, lakini sisafiri na hilo boksi lako la viatu."

Nikamwahidi. Nikafika nyumbani, nikamkuta mama anaimba wimbo wa kanisa huku anakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Mama yangu yule haimbi! Nikasema moyoni, kesho. Kesho ikaleta kesho nyingine.

Zikabaki siku nne tuondoke. Nilikuwa Moshi mjini, saa sita mchana, najaribu ndala za plastiki za kukanyagia matumbawe. Mguu mmoja umo ndani, mwingine uko nje, simu ikaita. Ni jirani yetu. "Njoo haraka. Mama yenu ameanguka mfongoni."

Mfongo ni ule mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, unapita juu ya kihamba. Kumbe mama, bila kuniambia, kila siku nikishuka sokoni alikuwa anapanda na panga na kamba kukata majani. Alikuwa anarundika chakula cha ng'ombe cha wiki nzima! Mimi nilikuwa nimemwachia kijana wa jirani kazi hiyo, lakini yeye alisema mtu anayekwenda kwa Mungu asiende akiwaza ng'ombe. Siku hiyo akavuka mfereji na mzigo kichwani, jiwe likateleza.

Nilikimbia kutafuta bodaboda na ndala moja ya dukani mguuni. Mwenye duka alinikimbiza hadi barabarani, ana haki yake.

Mume alikuwa mlimani, majirani ndio waliomwahisha hospitali, na huko wakasema mkono umevunjika karibu na kiganja. Wakamfunga plasta ngumu, ile POP, hadi kwenye kiwiko. Mama yule ana miaka sabini na kitu, na alikaa kwenye benchi wima kabisa. Nilipoingia, neno la kwanza alilosema ni, "Usiahirishe safari. Majani yanatosha hadi Jumatano."

Nilitamani sakafu ya hospitali inimeze!

Tulipofika nyumbani akaniomba nimtolee rozari kwenye pochi yake. Ndani ya pochi kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. "Hiyo ni nia yangu," akasema. "Utaisoma ukifika kule. Nimeandika mwenyewe." Mama alijifunza kuandika ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na haandiki ovyo. Akafumba macho apumzike.

Sikusubiri kufika kule. Kule kupi! Niliifungua nikiwa nimesimama pale pale pembeni ya kitanda. Herufi zilikuwa kubwa, zimebanwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka mahali pawili. Iliandikwa hivi: "Mungu mpe mke wa mwanangu mapumziko. Amechoka na mimi sijui kumwambia."

Nikalia. Safari hii nilijua ninachokililia. Yule mama alikuwa ameona kila kitu, bega, ndoo, vitunguu vya uongo, na alikuwa ameamua kunipeleka kwa Mungu kwa sababu mdomo wake ni mgumu kama wangu.

Akafumbua macho. "Umeisoma."

"Mama, hakuna hija."

Akajiinua kidogo kwenye mto.

"Hakuna kanisa la kale. Mama Glory haongoki. Tulikuwa tunakwenda kutembea tu, kuvuka visiwa, kukaa ufukweni. Kuna popo wakubwa huko, watu wanakwenda kuwaangalia."

Alinitazama, akautazama mkono wake, akanitazama tena. "Mimi nimevunjika mkono kwa ajili ya popo?"

Sikujua nicheke au nizidi kulia, vikatoka vyote viwili kwa pamoja. Yeye hakucheka. Akaniacha nimalize.

"Kwa nini hukusema umechoka?"

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi?" Akageuzia uso ukutani. "Mimi nimepika Desemba ngapi humu ndani? Unadhani sijui kuchoka?"

Kesho yake asubuhi akaniita, akaniambia nichukue lile boksi, nipite nyumba kwa nyumba, kila mtu nimrudishie karatasi yake mkononi na nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe. "Ulitumia mdomo kuwachukua, tumia mdomo kuwarudishia."

Nilizunguka siku mbili. Mvua ya mlimani ilininyeshea, na nilistahili. Kaka anayetaka mke alininunia kana kwamba nilikuwa naye huyo mke nikamficha. Bibi wa chupa akaipokea chupa yake tupu akasema, "Basi hata ya kawaida ya bahari ungeniletea, miguu haijui tofauti." Katekista alinipokea kwa heshima iliyonichoma kuliko tusi. Mzee wa ng'ombe alinikataza kabisa kurudisha karatasi. Akasema ng'ombe ameshashika mimba tangu juzi, kwa hiyo niendelee na uongo wangu hivyo hivyo!

Nilikwenda na kwa padre kuungama. Nilipofika kwenye wito wa Mama Glory padre alikohoa muda mrefu sana. Malipizi yangu ni kuzisali nia zote, moja kila siku, kwa siku ishirini na tatu, na ya yule ng'ombe ikiwemo kama shukrani.

Safari? Mama Glory alikwenda na dada yake wa Mbagala. Alibeba mkungu wake wa ndizi. Mchana mmoja nikiwa nimebeba majani akanipigia kutoka Chole, akaniambia nisikilize, akanyamaza. Nikasikia maji yanavuta pumzi na kuiachia, na hakuna mtu anayeita "mama, chumvi iko wapi". Nikakata simu kabla sijamtukana. Hajanisamehe vizuri mpaka leo, ila picha za popo anazo, na anazionesha kwa wateja wangu.

Sasa nikuambie gharama yenyewe. Mkono wa mama umepona, POP ilitoka, sasa anakoroga chai mwenyewe. Ananiita mwanangu kama kawaida. Siku za Jumamosi ananilazimisha nilale mchana, anakaa mlangoni kwangu na fimbo kuzuia watoto. Ufunguo wa ghala bado ninao. Ukitazama kwa nje, nimesamehewa.

Lakini Jumapili iliyopita nilivaa kitenge changu, nikachukua kitabu cha nyimbo, nikapita kwake kumuaga. "Mama, nakwenda misa ya kwanza."

Alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua kichwa. Akauliza polepole, bila ubaya wowote, "Kanisa gani?"

Miaka tisa nimesali kanisa moja, linaonekana kutoka mlangoni kwake!

Nikajibu. Nikateremka njia nzima ya mibuni macho yamejaa, na misa yenyewe sikuisikia. Mtu aliyesema sina uongo sasa anaulizia kanisa, na hawezi kujizuia, na mimi siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo dada yangu uliyeolewa, kaka yangu unayemuogopa mama yako, nisikilize mimi niliyeumia. Ukitaka kutembea sema unataka kutembea. Ukichoka, ingia ndani, kaa chini hapo penye maharage, useme neno moja tu, "Nimechoka." Labda utakatazwa. Labda utanuniwa wiki mbili. Nuniwa! Kununiwa kunaisha. Hili la kuulizwa unasali kanisa gani, mimi sijui linaisha lini.